Kwa Nini Umande wa Mnata Haukauki Juani

Sogeeni, sogeeni hapa, na mwenye kazi mkononi aiweke chini kwanza, maana habari hii haisikilizwi kwa sikio moja. Ni habari ya enzi ambazo jua lilikuwa na kiu kuliko leo. Umande wote ulioanguka duniani ulikuwa mali yake. Lilipochomoza tu liliinama, likafyonza jani hili, likahamia jani lile, na kabla watu hawajamaliza kunawa uso bonde zima lilikuwa limekauka kau. Hakuna mmea uliothubutu kulinyima.

Enzi hizo mnata haukuitwa mnata. Haukuwa na jina lolote. Kilikuwa kijimea tu cha mlimani, kifupi kuliko kidole, chenye majani ya kijani yaliyo laini, bila unywele hata mmoja. Kiliishi juu kabisa kwenye kinamasi cha baridi, ambako udongo ni maskini hata nyasi huota kwa shida. Mizizi yake ilikuwa michache, ya kujishikia tu kisipeperushwe. Chakula chake kilikuwa ukungu. Ukungu ukija kinakunywa, ukiondoka kinasubiri, na mlimani ukungu haukawii kurudi. Jua lenyewe lilipofika huko lilikuwa limeshashiba umande wa mabondeni, likawa halina haja nacho.

Katika mlima huo alizaliwa msichana aliyeitwa Tusekile. Kila alipotumwa maji alipita kinamasini, akachuchumaa, akavitazama vile vijimea mpaka mama yake akamwita kwa hasira. Hakuweza kueleza alichokipenda. Vilikuwa vidogo, havikumsumbua mtu, na viliishi mahali ambapo kila kitu kingine kilishindwa. Hayo yalimtosha.

Alipokuwa mwanamwali alikuja kijana wa nchi ya ziwani, Gwakisa, akipanda mlima na mzigo wa vyungu alivyofinyanga mama yake. Vyungu vilikuwa vizuri, na kijana naye hakuwa mbaya. Wazee wakakaa, wakazungumza, wakakubaliana. Siku ya kuondoka, shangazi zake Tusekile walimfungia mikeka na vikapu vya ulezi. Yeye akaenda kinamasini, akachimba kijimea kimoja pamoja na udongo wake, akakitia katika chungu kidogo na kukibeba mwenyewe njia nzima.

Kule chini watu walimcheka mpaka wakashika mbavu. "Bibi harusi kaja na magugu!" walisema. "Huko kwao hawana hata kuku wa kumpa?"

Nchi ya Gwakisa ilikuwa tambarare kando ya ziwa, nchi ya mpunga na migomba, na joto lake lilimpokea Tusekile kama mtu aliyefunuliwa chungu kinachochemka usoni pake. Lakini joto halikuwa tatizo la watu wa huko. Tatizo lao lilikuwa usubi, vijidudu vya mabawa vidogo kama chembe. Kila mwaka ulitoka ziwani na kusimama juu ya maji kama nguzo za moshi mweusi, nguzo hii na ile, zikielea. Upepo ukigeuka kuelekea nchi kavu, nguzo zile zilivunjika na kumwagikia vijijini. Mtu mzima alijikung'uta na kutukana, basi. Usubi haukumtaka mtu mzima. Ulitaka majimaji ya macho, na hakuna macho laini kuliko ya mtoto mchanga.

Mama yake Gwakisa, Bibi Syabumi, alikuwa mmoja wa watoto hao. Usubi ulimwingia angali kifuani mwa mama yake, macho yakavimba, yakatoa usaha, na yalipopoa hayakuona tena. Alikua hivyo. Alijifunza ufinyanzi kwa vidole, na vyungu vyake viligombewa na watu waliokuwa na macho mawili mazima. Yeye mwenyewe hakuwahi kukiona hata kimoja.

Ndiyo sababu mama wa nchi ile akijifungua tu, mlango ulifungwa na mavi makavu ya ng'ombe yakawashwa ndani. Moshi uliuzuia usubi. Mtoto alikaa humo gizani mpaka awe na nguvu za kupunga mikono. Wengi walitoka na macho yao. Wengine walitoka na kikohozi ambacho hakikuwaacha, na wengine, tuseme ukweli, hawakutoka. Watu walisikitika, lakini hawakuijua njia nyingine.

Tusekile hakuyafahamu haya yote mara moja. Kwanza alihangaika na kijimea chake, kwa sababu kilikuwa kinakufa. Alikiwekea samadi, kama alivyoona wenzake wakiiwekea migomba. Ncha za majani zikawa nyeusi. Akakinywesha maji ya kisima, yale yenye magadi. Udongo ukafanya ukoko mweupe, na kijimea kikazidi kunyong'onyea. Akakificha ndani kisiungue. Kikarefuka, kikapauka, kikalala ubavu. Asubuhi moja alikaa nacho kizingitini, akakiuliza kwa sauti, "Kule kwetu nani alikuletea samadi?" Swali likamchekesha mwenyewe. Hakuna aliyekiletea samadi! Alikuwa anakiua kwa ukarimu.

Akaanza upya. Akautupa ule udongo wenye samadi, akachukua mchanga mweupe wa mtoni usio na rutuba yoyote, akauosha, akauchanganya na majani yaliyooza ya kinamasi cha kando ya ziwa, akakipanda humo. Akakinga maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye nyasi za paa, akayamimina katika bakuli pana la udongo, na chungu akakisimamisha ndani ya bakuli, miguu majini. Halafu akakiweka mlangoni, mahali jua la asubuhi linapoingia na kivuli cha paa kinapofika mchana. Gwakisa alipoona ufa ubavuni mwa chungu, alileta ulimbo wake wa kunasia ndege akauziba. Ulimbo ule ukachuruzika kidogo kwa joto mpaka ukaligusa jani la chini kabisa.

Kijimea kikainua kichwa. Lakini kilikuwa chembamba, kwa sababu ukungu haukuwepo. Kilichokuwepo ni umande wa alfajiri tu, tone hapa na tone pale, na kila asubuhi jua lilikuja likauchukua. Enzi hizo watu walilisikia jua likisema, na Tusekile, ambaye sasa alikuwa mjamzito na hakupenda kuinama shambani, aliwasikia wote wawili.

"Toa," jua lilisema.

"Sina kingine," kijimea kilijibu. "Mlimani nilikuwa na ukungu. Hapa nina haya matone tu."

"Umande ni wangu. Toa."

Nacho kilitoa. Lakini mchana kutwa jani lake la chini lilikuwa limeegemea ule ulimbo, na kijimea kikawa kinatazama. Kiliona kwamba jua linapita juu ya ulimbo haliunywi. Kiliona unang'aa saa za joto kali kuliko asubuhi. Kikauonja. Kikauonja tena. Na asubuhi moja Tusekile alipofungua mlango alishika mdomo kwa mshangao: kila jani lilikuwa limeota nywele, na kila unywele umenyoosha ncha yake juu, umeshika tone moja la umande, mviringo, safi, linalometa.

Jua likaja. "Toa."

"Chukua," kijimea kikasema.

Jua likainama, likafyonza. Tone halikwenda. Likavuta kwa nguvu. Tone likarefuka likawa uzi mwembamba, wala halikukatika! Jua likavuta huku, nyuzi zikavuta kule. Kule mashambani wanawake waliinua vichwa, jembe mkononi, wakaliona jua limesimama juu ya migomba, haliendi mbele wala halirudi nyuma. Majogoo waliwika, wakanyamaza, wakawika tena kwa kutojua ni saa ngapi. Tusekile alikuwa amepiga magoti kizingitini, mikono miwili juu ya tumbo, akipiga kelele bila kujijua: "Shikilia! Shikilia hapo hapo!"

Mwisho jua lilijinasua kwa kishindo cha joto kilichopita mlangoni kama pumzi ya tanuru. Nywele zote za kijimea ziliungua zikawa nyekundu. Lakini matone yalikuwepo, kila moja mahali pake.

"Kaa nao umande wako!" jua likasema, na midomo yake bado inanata. Likapanda mbinguni kwa haraka kufidia muda uliopotea, na siku ile mchana ulikuwa mfupi sana.

Tusekile alijifungua mtoto wa kiume, akaitwa Lusajo. Mlango ukafungwa, mavi makavu yakawashwa, na kijimea kikabaki nje kizingitini. Mama mtu alikaa humo akitokwa machozi ya moshi, akimpepea mwanawe. Lusajo akaanza kukohoa. Kikohozi kikashuka kifuani, kikawa kinamtikisa mwili mzima, na alipopewa titi alilishika, akaliacha kwa kukosa pumzi. Tusekile aliita. Wanawake wa jirani wakamjibu kutoka nje kwamba ndivyo ilivyo, avumilie, msimu wa usubi umekaribia na ule wa mwanzo umeshaanza kuonekana.

Alivumilia mpaka alipoona midomo ya mtoto imebadilika rangi. Hapo aliinuka, akachota makaa yote kwa kigae, akayatupa nje, akausukuma mlango wazi. Moshi ukatoka kwa wingi. Lusajo akavuta pumzi ndefu, akalia kwa nguvu.

Bibi Syabumi alikuwa ameketi uani akikanda udongo. Alisikia mlango. Akainuka na mikono yake imejaa matope.

"Nani kafungua?"

"Mimi, mama."

"Funga!"

"Mama, mtoto anakufa kwa moshi."

"Na mimi hunioni?" Sauti ya bibi ilipasuka. "Mkamwana, unanitazama kila siku! Unataka macho ya mjukuu wangu yawe kama haya?"

Alikuja akipapasa ukuta, anautafuta mlango aufunge mwenyewe, na mkono wake ukashuka juu ya kijimea. Akasimama. Akataka kuutoa mkono, vidole vikanasa. Akavivuta polepole, akavisugua kimoja kwa kingine, na hasira ikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Nani kamwaga ulezi hapa?"

"Hakuna ulezi hapo, mama."

Bibi akarudisha vidole juu ya majani. Vidole vile viliweza kutambua ufa wa chungu ambao macho ya mtu hayauoni. Alishika chembe moja, akaiviringisha, akaisikia ina bawa. Akashika nyingine. Jani zima lilikuwa limejaa, na jani la pili lilikuwa limejikunja juu ya vichembe vyake kama ngumi ya mtu asiyetaka kunyang'anywa.

"Huu ni usubi," alisema taratibu. Halafu akapaza sauti: "Ni usubi! Umenasa! Umekufa!" Akacheka, na machozi yakamtoka kwenye macho ambayo hayakuwahi kumsaidia kitu kingine chochote. "Kitu hiki kinanata kama ulimbo. Kinanata, mkamwana! Huu ni mnata!"

Ndivyo mmea ule ulivyopata jina lake.

Tusekile alipoutazama vizuri aliona jambo ambalo moshi na uzazi vilimzuia kuliona. Mnata ulikuwa umenenepa. Usubi uliokuja kunywa umande ulikuwa umeliwa, ukabaki maganda tu. Haukuhitaji tena ukungu, na samadi ndiyo kabisa. Chakula chake kilikuwa kinajileta chenyewe kwa mabawa.

Furaha yao haikudumu. Gwakisa alikuja mbio kutoka ufukweni, jasho linamtiririka. "Nguzo zimesimama ziwani! Nyingi kuliko mwaka jana. Upepo ukigeuka tu, zinatufikia."

"Mnata mmoja hautoshi mlango mzima," Bibi Syabumi akasema. "Unazaaje huu?"

Tusekile alifikiri. Mbegu zake alizijua, laini kama vumbi, lakini zilihitaji muda. Akakumbuka kinamasini, jinsi jani lililodondoka kwenye maji lilivyokuwa likichipua vijimea vidogo mgongoni, huko baridini ikichukua msimu na msimu. Hakuwa na msimu. Hata hivyo alikata majani kwa ukucha, moja moja, akayalaza juu ya mchanga uliolowa na mengine kwenye maji ya mvua, akayaweka mahali penye mwanga.

Na hapa, jamani, ndipo joto lililomtesa lilipomlipa! Kilichochukua msimu mzima mlimani, nchi ya ziwani ilikifanya kwa mbio. Majani yalitoa vidoti vya kijani. Vidoti vikawa vijimea. Vijimea vikainua vinywele vyenye vitone visivyozidi ncha ya sindano. Bibi Syabumi alifinyanga bakuli baada ya bakuli, na vidole vyake havikupumzika. Jirani waliokuja kucheka walikuta majani yamejaa usubi, wakarudi makwao mbio na kuleta vyungu vyao vilivyopasuka, mabakuli yenye kingo zilizovunjika, chochote kinachoweza kushika mchanga na maji. Mtu akija na samadi, Tusekile alimfukuza. Mtu akija na maji ya kisima, alimfukuza pia. Kila asubuhi watu walitazama ziwani, wakalowesha kidole, wakapima upepo. Ulikuwa bado unavuma kuelekea majini. Wakarudi kazini.

Kisha upepo ukageuka.

Nguzo ya kwanza ilivunjika juu ya maji. Ya pili ikaifuata. Weusi ukaja chini chini juu ya mpunga ukivuma, na wazazi wengine wakakimbilia mavi makavu kuwasha moto. Nyumbani kwa Gwakisa hakuna aliyewasha. Minata ilipangwa kizingitini, dirishani, chini ya kitanda cha miti, kila mahali penye nafasi ya bakuli. Tusekile alimkumbatia mtoto. Alikuwa na hakika mpaka dakika ile, na dakika ile hakika yote ilimkimbia.

"Nipe mimi," Bibi Syabumi akasema. "Mimi usubi hauna cha kunichukulia tena. Nitakaa naye mlangoni."

Alikaa katikati ya vyungu na mjukuu mapajani. Usubi ukafika. Ulikuja kwa ajili ya macho, lakini kabla ya macho kulikuwa na matone elfu yanayometa juani, yakionekana maji kuliko maji yenyewe. Usubi ukashuka kunywa. Ukanasa. Uliofuata ukanasa juu ya wenzake. Nywele nyekundu ziliinama kutoka kila upande kuusaidia unywele ulioshika, majani yakajikunja, na kelele ile nyembamba iliyojaza nyumba ikapungua, ikapungua, mpaka Tusekile akamsikia mwanawe akipumua. Gwakisa alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, anacheka kama mwehu.

Weusi ukapita.

"Niambieni," Bibi Syabumi akasema. "Macho yake yakoje?"

Tusekile akainama. Lusajo alikuwa ameyafungua, meupe, safi, na hakuwa akitazama mlango wala minata. "Yanakutazama wewe, mama," alisema. "Yamekukazia usoni, hata hayapepesi."

Bibi akamwinua mtoto, akaweka paji lake la uso kwenye paji la mtoto, akakaa hivyo. Nje vigelegele vilianza nyumba ya kwanza, vikashika ya pili, vikaenda mpaka ufukweni.

Na tangu siku hiyo mnata hauogopi jua. Ile iliyoachwa mlimani ilisikia habari zake, nayo ikaota nywele, na mbegu za huku chini zikasafiri na maji mpaka kila penye tope maskini. Tangu siku hiyo majani yake ni mekundu palipounguzwa, hujikunja yakishika, na hayataki samadi wala maji ya magadi. Anayetaka kuufuga nyumbani huusimamisha kwenye bakuli la maji ya mvua, akauonyesha jua, akauacha ujitafutie. Tangu siku hiyo watoto wa ziwani wanazaliwa milango ikiwa wazi. Na jua halijasamehe. Ukipita kinamasini saa za mchana mkali, nyasi zote zimenyauka, ukauona mmoja tu umekaa hapo chini umejaa matone, usidhani mvua imenyesha. Huo ni umande ambao jua linautamani mpaka leo, na linapita juu yake bila kuugusa.